"Nervous" si mwoga: nilivyolijua hili neno kwenye kazi ya ukalimani

Mkuu, umeuliza "nervous" ni nini hasa, kwa sababu kamusi imekupa "-enye wasiwasi", halafu kwenye usaili ukaulizwa "Are you nervous?" ukaona kama unaitwa mwoga. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana hili neno limenihangaisha sana.

Mimi ni mkalimani huku Marekani, mwaka wa sita sasa, na kazi yangu kubwa ni hospitalini. Wengi ninaowatafsiria ni Wakongo waliopitia kambini. Kuna dodoso la kupima hali ya wasiwasi ambalo madaktari wanalitumia sana, GAD-7, la tangu mwaka 2006. Lina maswali 7, kila moja linapewa alama kuanzia 0 hadi 3. La kwanza kabisa linauliza ni mara ngapi katika wiki 2 zilizopita umesumbuliwa na kuwa "nervous, anxious or on edge" (hilo la mwisho ni kukaa bila kutulia). Vitu vitatu kwa mpigo, na mkalimani mwenye haraka anavimaliza vyote kwa neno moja: wasiwasi. Ndivyo nilivyokuwa nafanya.

Siku moja mama mmoja wa Kivu akaniuliza, "Wasiwasi na nani?" Alidhani anaulizwa kama kuna mtu anamshuku. Na hakukosea, kwa sababu tukisema "nina wasiwasi naye" ndiyo maana yake. Nikaona nimtajie neno lenyewe la Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa anakisikia. Hapo nikaharibu zaidi. Akasikia "énervé", yaani kukasirishwa, akajibu kwamba hapana, yeye hagombani na mtu. Daktari akaandika 0. Lakini mimi nilikuwa namtazama mikono: muda wote anakunja ncha ya kitenge, anaikunjua, anaikunja tena.

Nikamwomba daktari ruhusa ya kurudia swali. Nikamuuliza, "Mama, kuna wakati moyo unakwenda mbio na hujakimbia? Simu ikilia, tumbo linakuwa moto?" Akanyamaza kidogo. "Kila siku, mwanangu." Daktari akafuta 0, akaandika 3.

Toka siku hiyo "nervous" kwangu ni neno la mwili kwanza. Hata asili yake iko huko: Kilatini "nervus" ni kano au mshipa, na zamani Waingereza waliweza kusema "nervous" wakimaanisha mtu mwenye kano imara, mwenye nguvu! Baadaye likageukia mtu ambaye mishipa yake imetikisika. Sisi tunayo yetu, tena mazuri kuliko hiyo ya kamusi: tumbo joto, roho juu, na lile ambalo mimi naliona linakaribia kuliko yote, mchecheto. Mchezaji anayeusogelea mpira wa penalti ana mchecheto. Mwanafunzi wa kidato cha nne siku matokeo yanapotangazwa, vivyo hivyo.

Ndiyo maana si sawa na "afraid". Ukikuta nyoka mlangoni wewe ni "afraid", kwa kuwa unamjua atakachokufanya. "Nervous" inaweza kukupata hata kwa jambo unalolitaka kwa moyo wote. Bwana harusi anampenda mchumba wake, lakini viganja vinatoka jasho.

"Anxious" ni wasiwasi unaokaa muda mrefu zaidi, unaokukaba. Na kweli shina lake la Kilatini lina maana ya kukaba. Ila uangalie kitu kimoja: "I am anxious to meet you" haina hofu ndani yake, ni hamu kubwa ya kukutana nawe. Watu wengi wanajikwaa hapo.

Kwa matumizi, jambo linalokupa mchecheto lifuatishe "about": "I am nervous about the interview." Ukisema "I am nervous for you", mchecheto ni wako lakini kwa ajili ya mwenzako, kama mzazi anayemtazama mtoto jukwaani. "You make me nervous" si kwamba unanikasirisha, ni kwamba nikikuona natulia kwa shida. Na "nervous system" ni mfumo wa neva tu, haina uhusiano na hofu.

Kwa hiyo yule msaili hakukudharau, mkuu. Huenda aliona mikono yako, au alisikia sauti, akataka upumue. Wenyewe wakiulizwa hivyo wanajibu "A little", wanatabasamu, wanaendelea na maelezo yao.