Shangazi, naambiwa nafanya kazi ya bure

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 23 niko Mwanza, fomu foo nilipata divisheni foo na tangu hapo ni kijiweni tu, bao, simu, kuamka saa tano. Sasa mwezi wa nne nilimpeleka bibi kliniki ya presha, kwenye foleni nikamwona babu mmoja kakaa chini kashika karatasi ya vipimo kaigeuza juu chini, katoka Ukerewe tangu jana, kila mtu anamwambia nenda kule na kule kwenyewe hakujui. Nikamshika mkono, maabara, malipo, dawa, tukamaliza saa tisa. Kesho yake nikajikuta nimerudi peke yangu, bibi hana hata miadi! Mpaka leo naenda kila siku, nasukuma wagonjwa kwenye viti, nawasomea karatasi zao. Shida mama anasema unga hakuna halafu nahudumia watu nisiowajua, na juzi mlinzi kanitoa getini kaniita kishoka. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache, ila huyo mlinzi mwelewe. Vishoka wapo kweli, anajifanya anamsaidia mgonjwa kuruka foleni kisha anatokomea na hela, na wewe huna kitambulisho wala anayekufahamu, ungekuwa wewe getini ungefanyaje? Chukua barua serikali ya mtaa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitali useme unataka kujitolea. Hao ndo wanaohangaika na wagonjwa wasio na ndugu na wanaoomba msamaha wa malipo, watakuelewa. Na hela ya mtu usishike hata mia, akitaka umnunulie maji nenda naye.

Halafu yule babu ulimuuliza miaka? Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza anatakiwa atibiwe bure, hospitali nyingi zina dirisha la wazee kabisa, ila mtu anatoka kijijini hana barua wala kitambulisho cha msamaha basi anaishia kulipa. Hilo lijue vizuri, maana kumwonyesha mtu mlango wa maabara sawa, lakini ukimwambia "babu usilipe kwanza, ngoja tuulize" pengine umemwokolea nauli ya meli.

Kuhusu mama, hapo siko upande wako hata kidogo. Unga ni unga. Kliniki zinajaa asubuhi, saa nane pameshapoa, sasa kila siku mpaka jioni unafanya nini huko? Nenda siku tatu, zilizobaki tafuta kibarua, soko la Mwaloni pale Kirumba magunia ya dagaa hayajibebi yenyewe. Ukiingia na kilo mbili za unga mkononi uone kama atakuuliza ulikuwa wapi. Na siku moja mchukue mama mwenyewe akapime presha, mpitishe njia ile ile uliyompitisha babu.