Usiondoe madai yako eti kwa sababu serikali inaingia

Ndugu wa Kolwezi, barua yako ya kuondoa madai isifike masjala. Umeuliza kama uondoe madai yako kwa sindiki, yule msimamizi wa ufilisi aliyewekwa na mahakama, kwa kuwa serikali inanunua hisa za kampuni iliyoshindwa kulipa. Jibu ni hapana, nami nalitoa kwa hasira, kwa sababu hapa Lubumbashi mimi pia niliacha kudai kwa sababu hiyo hiyo.

Kampuni niliyokuwa nikiiuzia saruji ilipofikishwa mbele ya mahakama ya biashara, mshauri mmoja, ambaye tai yake ilikaribia thamani ya deni langu, aliniambia kwamba Leta, yaani serikali, haifilisiki, na kwamba atakayekimbilia kwa sindiki ataonekana mpinzani na kulipwa wa mwisho. Nikamwamini, nikangoja, hata bia za shukrani nikamnunulia, na katika shauri lote hayo ndiyo malipo pekee yaliyokamilika. Kumbe chini ya sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambazo nchi yetu ya Kongo inazifuata tangu 2012, mdai aliye nchini hupewa siku 60 baada ya tangazo la pili la kesi gazetini ili apeleke madai yake, na hakuna mtu aliyezisimamisha siku hizo eti kwa sababu waziri anazungumza na wenye hisa. Serikali ilinunua hisa, lakini mdaiwa alibaki yule yule, na kesi iliendelea chini ya namba ile ile. Nilipoomba kufunguliwa mlango baada ya muda kwisha, nilitakiwa kuthibitisha kwamba kuchelewa hakukutokana nami, wakati tangazo lilikuwa limechapishwa na mshauri wangu alikuwa hapokei tena simu. Waliopeleka madai waliingia kwenye mgawanyo wa fedha. Mimi nina fakture (ankara) zilizopangwa vizuri sana.

Laiti mshauri huyo angesoma hata kifungu cha kwanza! Sheria ya kufilisi ya OHADA iliyorekebishwa mwaka 2015 inazihusu kampuni binafsi, na vilevile mashirika ya serikali yaliyo katika umbo la kampuni binafsi. Kwa hiyo tazama umbo, usitazame mwenye hisa. Gécamines yenyewe, ile kampuni kubwa ya madini, kutokana na mageuzi ya mwaka 2008, ni kampuni ya kibiashara, ingawa hisa zake ni za serikali. Tena mwezi wa Aprili 2018 mahakama ya pamoja ya nchi za OHADA, iliyoko Abidjan, katika shauri la kampuni ya hoteli ya Kinshasa, iliamua kwamba kampuni ya hisa haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya serikali dhidi ya ukamataji mali kwa sababu tu serikali ina hisa ndani yake.

Ni kweli kwamba mambo hubadilika ikiwa kampuni itageuzwa kuwa taasisi ya umma, kwa kuwa hapo kinga ipo na kukamata mali hakuwezekani; lakini hata siku hiyo, utakayemdai atataka kuona deni lililoandikishwa na kukubaliwa, wala si kumbukumbu ya ahadi za ofisini.

Basi nenda kwa sindiki wiki hii kuhakikisha madai yako yameandikishwa, ukiwa na mkataba, fakture na hati za kupokelewa kwa mzigo, na usitoke bila risiti yenye tarehe na muhuri.