Paka wa mitaani akizaa karibu nawe, mhudumie mama kwanza

Mleta mada, umesema paka asiye na mwenyewe amezaa kwenye stoo yenu. Watoto wako wanne, macho yamefungwa, na mama anafoka na kutunisha manyoya kila ukisogea. Umeuliza kama umfukuze mama kwa ukali wake, uwaingize watoto ndani na kuwalea kwa maziwa ya ng'ombe. Wachangiaji kadhaa wamekuambia ufanye hivyo. Mimi nakuomba usifanye. Nimehudumia mapaka ya mitaani yenye watoto kwa miaka kadhaa, wengine pamoja na mama zao, wengine yatima, na tofauti ya kazi hizo mbili naijua vizuri.

Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi. Haoni, hasikii, hawezi kujipasha joto mwenyewe, na hata kukojoa hawezi mpaka mama amlambe chini ya mkia. Siku yake ya kwanza anahitaji dang'a, yale maziwa ya mwanzo yanayobeba kinga ya mwili, na hayo hakuna mtu anayeweza kuyatengeneza. Ukimfukuza mama, kazi zote hizi unazichukua wewe: kulisha kila baada ya saa mbili au tatu usiku na mchana, kuwapa joto muda wote, na kila baada ya mlo kuwapangusa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka wakojoe. Niliwahi kulea watoto ambao mama yao aligongwa na gari. Nililala nao chumba kimoja, sikuruka mlo hata mmoja, na bado hawakupona wote. Kwa hiyo mama akiwepo, hata awe mkali namna gani, nguvu zako zielekeze kwake yeye. Yeye ndiye atakayewafikishia watoto.

Huo ukali usikutishe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu hana mlango wa kufunga wala mtu wa kumsaidia kulinda. Mwingine anayefoka leo ndiye atakayekujia mwenyewe baada ya wiki kadhaa, ukimwendea kwa taratibu.

Kuna jambo linawakosesha watu wengi wema: wanakuta watoto peke yao, wanadhani wametupwa, wanawabeba. Mama lazima aende kutafuta chakula, na huweza kukaa nje saa kadhaa. Watazame watoto wenyewe. Wakiwa wamerundikana kimya, safi, tumbo limejaa, basi wamenyonyeshwa na mama yupo karibu, na pengine anasubiri wewe uondoke ndipo arudi. Rudi nyuma kabisa, ukae mahali asipokuona. Kama huwezi kukaa, nyunyiza unga kidogo sakafuni kwenye njia ya kuingilia. Ukirudi utaona nyayo zake. Lakini ukikuta wamepoa, wachafu, wanalia bila kukoma, au nzi wameanza kuwatua, hapo usingoje mtu. Wachukue.

Na hii habari kwamba ukimgusa mtoto mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono, si kweli. Kinachomkimbiza ni usumbufu. Nimeona mama akihamisha watoto wake kwa sababu tu watu wa nyumba ile walikuwa wanaingia na tochi kuwaangalia kila mara. Huwabeba mmoja mmoja kwa mdomo, na muda wote huo waliobaki wanapoa, na mahali anapokwenda huenda pakawa pabaya kuliko alipotoka. Kwa hiyo stoo hiyo ifungeni kwa wageni. Mtu mmoja tu aingie, tena yuleyule.

Wahamishe pale tu penye hatari ya kweli, kama maji ya mvua, magari au mbwa. Hata hapo, tafuta boksi lenye ukuta mrefu kiasi, weka kitambaa walichokuwa wamelalia ili harufu ibaki, na uliweke karibu na pale pa zamani ili mama akirudi awasikie. Boksi lenye tundu moja dogo la kuingilia na giza ndani humpendeza kuliko kitanda kizuri kilicho wazi.

Sasa chakula. Anayenyonyesha huhitaji mara mbili mpaka mara nne ya chakula chake cha kawaida, kutegemea idadi ya watoto na umri wao. Bora kabisa ni chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, mpe mama, kwa sababu kina protini, mafuta na madini ya kalisi kwa wingi. Kama hakipo kwa sasa, nyama au samaki aliyechemshwa na kutolewa mifupa atamvusha siku chache, bila chumvi, bila viungo, na bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana hivyo huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Usimlishe nyama tupu kwa wiki nzima nzima. Maziwa anayotoa yanamnyonya kalisi mwilini, na ikipungua mno ataanza kutetemeka, miguu kukakamaa, kuhema kwa kasi, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Ukiona dalili hizo ni daktari wa mifugo mara moja. Maji safi yawepo saa zote.

Sahani usiiweke mlangoni pa kiota. Harufu huvuta mapaka dume, na dume anaweza kuua watoto wasio wake. Huvuta pia siafu, ambao kwa mtoto asiyeweza kutambaa ni kifo kibaya. Weka hatua kadhaa pembeni, saa ileile kila siku, kisha kaa mbali ukiwa umempa ubavu badala ya kumkabili uso kwa uso. Ukikutana naye macho, funga yako polepole na kuyafungua. Usimnyooshee mkono. Kila siku sogea kidogo, na siku akiacha kula kwa sababu yako, rudi ulipokuwa jana.

Wakati yeye anakula, wewe una dakika chache za kazi moja muhimu kuliko zote: kuwapima watoto. Mizani ya jikoni inatosha. Mtoto mwenye afya huongeza kama gramu 10 hadi 15 kwa siku, na akifikisha wiki mbili uzito wa kuzaliwa unakuwa umefika mara mbili au zaidi. Watie alama ukucha mmoja kwa rangi ya kucha ili usiwachanganye, na uandike. Nasisitiza hili kwa sababu mtoto anayekwenda vibaya haonekani mpaka amechelewa. Mizani humtaja mapema. Asipoongezeka kwa siku nzima, mwangalie kwa karibu: je, anasukumwa na wenzake? Mara nyingi inatosha kumweka mwenyewe kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, ukiwa umewazuia wakubwa kidogo.

Akiwa amepoa, usimpe chochote mdomoni. Narudia kwa wote wanaosoma, maana hapa ndipo wengi hupotezwa na watu wenye nia njema: mtoto aliyepoa tumbo lake halifanyi kazi, na maziwa utakayompa yatakaa tu ndani au yataingia mapafuni. Mpashe joto kwanza, taratibu, kifuani kwako ndani ya nguo, au kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, huku akiwa na nafasi ya kujiondoa pakizidi joto. Akichangamka ndipo ale. Maziwa yawe yale ya unga ya watoto wa paka, yanapatikana kwa madaktari wa mifugo. Ya ng'ombe yana protini na mafuta pungufu kwa paka na sukari ya maziwa iliyozidi. Yanamharisha, na kuharisha kunamkausha mtoto mdogo hivyo kwa haraka sana. Mlishe akiwa amelalia tumbo kama anavyonyonya kwa mama, kamwe si chali.

Magonjwa nitayapitia kwa ufupi. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Jicho likivimba kabla ya hapo kuna usaha nyuma ya kope, peleka kwa daktari usingoje lifunguke. Viroboto wengi humnyonya mtoto damu mpaka fizi zinakuwa nyeupe: tumia chanuo la meno madogo na maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini kidogo, umkaushe vizuri kabla hujamrudisha. Usithubutu kutumia dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, ni sumu kwa paka. Paracetamoli nayo inaua paka, hata kipande. Minyoo hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo dawa huanza wakiwa na wiki tatu hivi na kurudiwa kila wiki mbili, pamoja na mama, kwa kipimo cha daktari kulingana na uzito. Mama mwenyewe mkague chuchu kwa macho: ikiwa nyekundu, ngumu na ya moto, ina maambukizi na inahitaji dawa.

Mchangiaji mmoja hapo juu amesema waachwe wakue wenyewe bila kuguswa mpaka waachishwe ziwa. Sikubaliani naye. Muda ambao paka hujifunza kwamba binadamu si adui ni kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba hivi. Ukipita, kumzoesha kunawezekana lakini ni kazi ndefu na wengine hawazoei kabisa. Kwa hiyo wakianza kutembea, wiki ya tatu, washike kila siku kidogo kidogo, mama akiwa anakula, waisikie sauti yako, wazoee mikono. Wiki ya nne anza kuwawekea chakula laini kilicholowanishwa kwenye sahani bapa, na trei fupi yenye mchanga au karatasi zilizochanwa ya kujisaidia. Ile changarawe inayogandamana ikilowa isitumike, kwa sababu wataila. Chanjo za kwanza ni wiki ya 6 hadi ya 8, ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki ya 12.

Kuwagawa, subiri wafike angalau wiki nane, na mimi ningekwenda mpaka kumi. Wiki hizo za mwisho ndizo mama na ndugu wanapomfundisha mtoto asing'ate kwa nguvu. Ukipata mtu wa kuchukua wawili pamoja, mpe. Umeuliza pia jinsia: huyo wa rangi tatu karibu hakika ni jike, na wa rangi ya chungwa mara nyingi huwa dume.

Usiishie kwa watoto. Paka anaweza kushika mimba akiwa bado ananyonyesha, mimba huchukua siku 63 hadi 65, na mabinti zake wenyewe huweza kushika wakiwa na miezi minne tu. Usipomfunga kizazi, kabla hujamaliza kugawa hawa utakuwa na wengine stooni, na yeye atakuwa amekonda zaidi. Utaratibu wangu ni huu: watoto wakishaachishwa ziwa kabisa, natenga mama ndani ya chumba au kizimba kikubwa, nampa wiki mbili hivi maziwa yakauke, kisha anakwenda kwa daktari. Kama hawezi kufungiwa na unaona atapotea, usingoje maziwa yakauke. Mwambie daktari ananyonyesha, wengine humfanyia upasuaji kwa ubavuni ili wakwepe chuchu.

Kumkamata, usijaribu kwa mikono. Tumia mtego wa kizimba. Mlishe ndani yake siku kadhaa, mlango ukiwa umezuiwa wazi ili usifyatuke, mpaka aingie bila kusita. Siku yenyewe mnyime chakula cha kabla, tega, na mara mlango ukifunga ufunike wote kwa shuka. Gizani hutulia. Siku hiyohiyo achanjwe kichaa cha mbwa, na daktari amkate ncha ya sikio akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, ili mtu mwingine asimkamate tena kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Akikung'ata au kukukwaruza kabla hajachanjwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Na kwa kuwa umesema dada yako ni mjamzito: si lazima paka aondoke. Vimelea vya toksoplazima vilivyo kwenye kinyesi, ambavyo vinaweza kudhuru mimba, huchukua angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo trei isafishwe kila siku, na mtu mwingine, mwenye glavu. Dada asiiguse.

Leo hii anza na mambo mawili tu, sahani ya mama na mizani. Yule mdogo uliyesema analala pembeni ya wenzake ndiye ananipa wasiwasi: mguse, na akiwa wa baridi mpashe joto kabla ya kingine chochote. Uzito wake wa leo na wa kesho uweke hapa, nitakuambia kama aanze kuongezewa maziwa.