Kuganda kwenye mbio za mtandaoni: intaneti, prosesa au usukani?

Mkuu, kwenye mbio zako za magari za kompyuta umeeleza mambo mawili kana kwamba ni tatizo moja: magari ya wenzako yanarukaruka ukiwa nyuma yao, na picha inaganda kwenye kona ya kwanza mara tu mbio zinapoanza. Tena umeshashusha michoro yote hadi chini na magari bado yanaruka. Yataendelea tu kuruka, maana kadi ya michoro (inayochora picha ya skrini) haina habari na mahali gari la mwenzako lilipo.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tazama uzio wa pembeni. Gari la mbele likiruka, uzio nao unakatika? Kama barabara na uzio vinapita laini huku gari la mwenzako peke yake likipotea na kuibukia mita tano mbele, huo ni mtandao. Vyote vikisimama kwa pamoja na sauti ya injini ikakwaruza, ugonjwa uko ndani ya kompyuta. Picha ikiwa laini lakini gari likachelewa kuitikia usukani, hilo ni jambo la tatu kabisa.

Tuanze na mtandao. Gari lako linakokotolewa na kompyuta yako mwenyewe, mara 333 kwa sekunde kwenye simuleta (mchezo wa kuiga uendeshaji) ya Assetto Corsa, mara 360 kwenye iRacing. Nafasi za magari mengine huletwa na seva (kompyuta kuu ya mbio) kwa vifurushi vidogo vya data, mara chache zaidi ya hapo, na kati ya kifurushi kimoja na kingine simuleta inakisia: lilikuwa linaelekea huku kwa kasi hii, basi sasa litakuwa pale. Kwa kilomita 200 kwa saa gari hukata mita 55 na nusu kila sekunde. Kifurushi kikichelewa milisekunde 100, makisio yanabeba mita tano na nusu, zaidi ya urefu wa gari. Kwenye mnyoofu yanapatia. Dereva anapokanyaga breki ndipo yanapokosea, na ndiyo maana mtu hugongwa na gari ambalo kwenye skrini ya mwenzake halikumgusa.

Kwa hiyo usiogope pingi (muda wa kifurushi kwenda na kurudi) kubwa iliyotulia. Kwa milisekunde 150 zisizoyumba unashindana vizuri tu, ila 40 inayoruka hadi 200 na kurudi inamharibia kila aliye karibu nawe. Umbali nao hauna dawa: mwanga ndani ya fiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva iliyo kilomita 8,000 haiwezi kukupa chini ya milisekunde 80 kwenda na kurudi. Hama seva.

Halafu hesabu wanaoruka. Akiruka mmoja tu, mwenye matatizo ni yeye, achana naye na mpe nafasi. Wakiruka wote, ni wewe, au mara chache seva yenyewe.

Ukiwa ni wewe, fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig, na uchukue namba iliyo kwenye mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta. Kisha ping -n 300 na namba hiyo. Kwenye dirisha la pili weka ping -n 300 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko nje kwenye intaneti. Ziache zikimbie kama dakika tano wakati unaendesha. Ruta kwa kebo hujibu ndani ya milisekunde 1 au 2 bila kuyumba. Majibu ya ruta yakipanda hadi 60 au 100, mkosaji ni Wi-Fi, usimlaumu mtu mwingine: vuta kebo. Isipowezekana, hamia Wi-Fi ya 5 GHz. Ukilazimika kubaki 2.4 GHz, tumia chaneli 1, 6 au 11 pekee, zile za katikati zinaingiliana na jirani zake.

Ruta ikiwa tulivu lakini 8.8.8.8 inaruka, rudia kipimo huku ukipakia faili kubwa kwenda intaneti. Pingi ikitoka 30 ikafika 400, vifurushi vyako vinasubiri kwenye foleni nyuma ya lile faili. Hutokea kila simu ya nyumbani inapohifadhi picha kwenye wingu, na mwenye simu wala hajui. Washa SQM (kipangaji cha foleni ya data) kwenye ruta, kama inayo, na uweke kikomo cha kupakia na kupakua kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima. Kulipia intaneti ya kasi kubwa zaidi hakusaidii sana hapa; mbio zenyewe hula data kidogo mno.

Kwenye iRacing bonyeza F uone mita. L ni ucheleweshaji. Q ni ubora wa muunganisho, na inatakiwa kukaa 100. L ikiwa nzuri huku Q inashuka, vifurushi vinapotea au vinafika vimechelewa.

Sasa kuganda kwenye kona ya kwanza. Hapo ndipo magari yote yako mbele ya macho yako, tena yamebanana. Fremu (picha moja moja za skrini) 60 kwa sekunde zinakupa milisekunde 16.7 kwa kila fremu. 144 zinakupa 6.9 tu. Unachotaka kujua ni nani anayeshindwa kumaliza ndani ya muda huo. Weka programu ya MSI Afterburner ionyeshe matumizi ya kadi ya michoro. Ikiwa asilimia 97 hadi 99, kadi imeelemewa: punguza vivuli, ulainishaji wa kingo, kisha ukubwa wa picha. Ikiwa 60 na fremu bado ziko chini, kadi inamsubiri prosesa. Kwa vile kushusha michoro hakukukupa nafuu yoyote, nadhani uko hapa. Hakikisha kwa kushusha ukubwa wa picha peke yake. Fremu zisiposogea, ni prosesa.

Usidanganywe na Task Manager ya Windows ikisema prosesa iko asilimia 20. Hiyo ni wastani wa viini vyote, na kiini kimoja kinachobeba kazi kuu kinaweza kuwa kimejaa pomoni. Tiba: punguza vioo vya nyuma, maana kila kioo ni dunia inayochorwa upya, kisha idadi ya magari yanayoonekana, watazamaji na vitu vya mbali. Kagua pia RAM kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama): wengi wamenunua ya kasi ya 3200 na inakimbia 2133 kwa sababu XMP, mpangilio unaoipa kasi yake kamili, haikuwashwa, au wameweka kijiti kimoja badala ya viwili. Badilisha kitu kimoja, pima, kisha kingine. Pima kwa marudio (replay) yaleyale ya mwanzo wa mbio, sekunde zilezile, kamera ileile.

Ikianza vizuri ikaharibika baada ya dakika 15 au 20, tazama joto na kasi ya prosesa, hasa kwenye laptopu. Ikikwama mizunguko ya mwanzo tu baada ya kubadili draiva, subiri, inaandaa upya sheda (programu ndogo za kadi za kuchora picha). Ikikatika kila unapoingia sehemu mpya ya njia ingawa wastani wa fremu ni mkubwa, kumbukumbu ya kadi imejaa: shusha tekscha (picha zinazofunika vitu).

Usukani ukichelewa, zima V-Sync (inayofanya fremu zisubiri skrini) kwanza. Mwenye skrini ya G-Sync (inayofuata kasi ya kadi) aweke kikomo cha fremu 3 chini ya kasi ya skrini. Usukani unaopotea na kurudi katikati ya mbio utoe kwenye USB habu, uchomeke moja kwa moja kwenye ubao mama, na uzime uokoaji wa umeme wa USB kwenye mipangilio ya nishati ya Windows.