Kwa mnaoandaa wasifu wa Mwenyeheri Lichtenberg

Vijana wangu wa semina za parokia, Novemba inakaribia na rasimu zenu juu ya Padre Bernhard Lichtenberg zimeanza kunifikia. Nawapenda, ndiyo maana nawabana: makosa ni yaleyale ya waliowatangulia.

1. Msianzie gerezani. Alipokamatwa, Oktoba 23, 1941, alikuwa mzee wa miaka 65 aliyechunga roho Berlin kwa miaka mingi. Kilichomponza ni sala ya jioni. Masinagogi yalipochomwa moto Novemba 1938, alianza kuwaombea Wayahudi hadharani katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Hedwig, kwa sauti, waumini wakiwa kwenye mabenchi. Jioni baada ya jioni, karibu miaka mitatu, mpaka wanafunzi wawili wa kike walioingia kanisani wakamsikia na kwenda kumshtaki. Mkiiruka sala hiyo mnabaki na mzee anayeteswa tu, msikilizaji asijue kwa nini.

2. Ile barua ya Agosti 1941 kwa Conti, mkuu wa madaktari wa utawala wa Wanazi, ya kupinga mauaji ya wagonjwa wa akili, itajeni. Sentensi moja yatosha.

3. Hakufia Dachau, ile kambi ya mateso ya Wanazi! Kila mwaka naandikiwa Dachau, kila mwaka nafuta. Najua inakotoka: mapadre wengi sana walifungwa kule, basi mtu anajaza tu. Lakini fuateni safari yenyewe. Mei 1942 mahakama ilimpa kifungo cha miaka miwili. Akakitumikia chote, akiwa mgonjwa wa moyo. Oktoba 1943 kikaisha. Kisheria alikuwa hana deni tena, na hapo hapo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamchukua, wakamweka kambi ya Wuhlheide, kisha wakampakia kumpeleka Dachau. Njiani, katika mji wa Hof, hali ikawa mbaya, akalazwa hospitali, akafariki Novemba 5 akiwa na miaka 67. Kwa sababu alifia hospitalini, mwili wake ulirudishwa Berlin, akazikwa na watu wake. Waliofia Dachau, wengi wao walichomwa kwenye tanuri za kambi. Kwa hiyo anayeandika “alifia Dachau” amemnyima mzee huyu kaburi lake, na amewaficha Gestapo waliomkamata mtu aliyemaliza kifungo. Na huyu ndiye aliyesema yuko tayari kuwafuata Wayahudi waliohamishiwa kwa nguvu Łódź, Poland, akaishi nao huko! Mtu wa namna hiyo anastahili tumfuatilie kituo kwa kituo.

4. Msimchanganye na Padre Maximilian Kolbe. Huyo alifia kambi ya Auschwitz, 1941.

5. Ni mwenyeheri, bado si mtakatifu. Alitangazwa na Yohane Paulo wa Pili katika Uwanja wa Olimpiki wa Berlin, Juni 23, 1996, pamoja na Karl Leisner, padre kijana aliyepewa upadrisho ndani ya Dachau. Mwenye nafasi amwandae na Leisner. Huyo nitampa muda wa kutosha.