Kubadili vipimo vya ujazo: pitia kwenye lita

Nimefundisha hisabati kwa muda mrefu, na vipimo vya ujazo ni mada inayowatesa wanafunzi bila sababu. Wengi hukariri ngazi nzima, kilolita, hektolita, dekalita, lita, desilita, sentilita, mililita, halafu kwenye mtihani hawakumbuki nukta inasogea upande gani.

Mimi huwaambia hivi: ukikwama, rudi kwanza kwenye lita. Lita 1 ni desilita 10, sentilita 100 au mililita 1,000, na lita 1,000 ni kilolita 1. Kwa mahitaji mengi hayo yanatosha. Dekalita, kwa mfano, ni nadra kuikuta nje ya darasa. Chukua sentilita 75. Gawanya kwa 100, unapata lita 0.75. Zidisha kwa 1,000, ni mililita 750. Kisha kagua jibu: kipimo kikiwa kidogo zaidi, namba lazima iwe kubwa zaidi, kama ndoo ileile inavyohitaji vikombe vingi kuliko majagi.

Panapowaponza watu hasa ni kwenye mita za ujazo. Kwa kuwa mita 1 ina sentimita 100, mtu hudhani mita ya ujazo 1 ina sentimita za ujazo 100. Sivyo kabisa! Ni 100 × 100 × 100, yaani 1,000,000. Lita ni mchemraba wenye sentimita 10 kila upande, sawa na sentimita za ujazo 1,000; ndiyo maana sentimita ya ujazo 1 ni mililita 1 kamili. Tuseme tangi lina urefu wa mita 1, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 50. Geuza vyote viwe sentimita kabla ya kuzidisha: 100 × 60 × 50 = 300,000. Hizo tayari ni mililita. Gawanya kwa 1,000, tangi linabeba lita 300.

Kwenye dawa ongeza umakini. Andika 0.5, kamwe usiandike .5, kwa sababu nukta ikififia msomaji ataona 5 na mgonjwa atapewa dozi mara 10. Alama ya lita nayo iandike kwa L kubwa. L ndogo hufanana mno na 1, na kwa sababu hiyohiyo L kubwa ilikubaliwa kimataifa mwaka 1979. Dawa ya maji ipime kwa bomba au kikombe chenye alama za mililita. Vijiko vya jikoni havilingani ujazo.