Kuhusu wakongwe wa programu na hadithi zao za enzi za Turbo Pascal

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba una miaka michache tu katika kazi ya kuandika programu, na kwamba katika mazungumzo ya timu yenu wakongwe huweza kumaliza jioni nzima wakitaniana juu ya disketi, modemu na kihariri (programu ya kuandikia msimbo) chenye skrini ya buluu, huku wewe ukibaki msomaji wa kimya. Unataka kujua kama maneno hayo yana faida yoyote, au kama ni njia ya kuwaambia vijana kwamba walichelewa kuzaliwa. Mimi nimekuwa msikilizaji wa masimulizi hayo kwa muda mrefu kabla ya kuwa mmoja wa wasimulizi, na ninaamini kwa dhati kwamba yana faida kubwa, ilimradi yasiishie kwenye kutaja kifaa, bali yafike kwenye sababu iliyokifanya kiwe vile kilivyokuwa.

Skrini ya buluu wanayoitaja ni ya Turbo Pascal, zana ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal, ambayo kampuni ya Borland ilianza kuiuza mwaka 1983. Mimi nilijifunzia toleo la saba, lililotoka mwaka 1992, na hadi leo vidole vyangu vinakumbuka kwamba Ctrl na F9 huendesha programu, na kwamba Alt na F5 huonyesha kile programu ilichoandika kwenye skrini kabla ya kurudishwa kwenye kihariri. Msikilizaji anaweza kudhani tunaupenda ule ubuluu. Tunachokikumbuka hasa ni kwamba kihariri na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, vilikaa pamoja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo ulipokosea, ndani ya muda mfupi kishale kilikuwa tayari kimesimama mahali penye kosa. Kabla ya hapo, kwenye kompyuta nyingi ndogo, ulitoka kwenye kihariri, ukaiita kompaila, ukaisubiri isome diski, kisha ukarudi kutafuta mstari wenye kosa. Aliyeiandika kompaila ile ni Anders Hejlsberg, ambaye baadaye aliongoza usanifu wa lugha ya C# na kisha ya TypeScript. Ikiwa unaandika TypeScript na unaona kosa likipigiwa mstari kabla hujahifadhi faili, basi unanufaika na hamu ileile ambayo wakongwe wanaizungumzia, na ya mtu yuleyule.

Kisa ambacho kimenishawishi zaidi ya vyote ni kile cha kosa nambari 200. Programu nyingi za Turbo Pascal zilitumia maktaba ndogo iitwayo CRT, ambayo ilikuwa na amri ya kusubiri kwa idadi fulani ya milisekunde. Ili kujua urefu wa milisekunde moja, maktaba hiyo ilihesabu, programu ilipoanza tu, ni mizunguko mingapi kichakataji kinaweza kufanya ndani ya pigo moja la saa ya kompyuta, yaani takriban milisekunde 55, kisha ikaigawanya hesabu hiyo kwa 55. Jibu lilipaswa kutosha katika namba ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 65,535. Vichakataji vilipofikia kasi ya karibu megahezi 200, jibu halikutosha tena, na kwa kuwa kichakataji hutoa ishara moja kwa mgawanyo uliofurika na kwa mgawanyo wa sifuri, programu zilizokuwa zimefanya kazi miaka yote zilianza kufa kabla hata ya kufikia mstari wa kwanza ulioandikwa na mwenyewe. Nambari 200 ilikuwa tu nambari ya kosa la kugawanya kwa sifuri, lakini sadfa ya kufanana kwake na kasi ya mashine iliwapa watu utani wa miaka mingi.

Mwenzetu mmoja alitusimulia hayo jioni moja, kwa furaha nyingi na kwa maelezo kamili ya hesabu yenyewe. Baadaye tulihamishia mfumo wetu kwenye seva mpya, na mojawapo ya programu zetu ikawa inakufa kila inapoanzishwa. Ilikuwa inapima kasi ya diski kwa kuandika faili dogo na kugawanya ukubwa wake kwa milisekunde zilizopita, na kwenye diski mpya milisekunde zilizopita zilikuwa sifuri. Aliyelitambua tatizo kwanza ni kijana wa timu yetu ambaye hajawahi kuiona Turbo Pascal kwa macho yake. Aliposoma kwamba ni mgawanyo wa sifuri unaotokea mwanzoni kabisa mwa programu, na kwamba mashine pekee ndiyo iliyobadilika, alikwenda moja kwa moja kwenye kipimo cha muda. Sijui kitabu cha kozi chenye sura inayoitwa hatari ya mashine kuwa na kasi kupita matarajio, lakini yeye alikuwa amekwisha kulisoma somo hilo katika utani.

Mabishano mengine yanayoonekana ya kipuuzi yana mizizi ya namna hiyo. Ukiwasikia wakigombana kama mstari wa msimbo upite herufi 80 au usipite, kumbuka kwamba IBM ilitoa kadi ya matundu, ya kuhifadhia data, yenye safu 80 mwaka 1928, kwamba vituo vya skrini (skrini na kibodi za kutumia kompyuta kubwa) vilivyofuata, kama VT100 ya mwaka 1978, vilirithi upana huo, na kwamba mwongozo rasmi wa uandishi wa lugha ya Python bado unapendekeza mwisho wa herufi 79. Na anayesogea ndani ya kihariri cha vi kwa herufi h, j, k na l anafuata kibodi ya kituo cha ADM-3A alichokitumia Bill Joy, mwandishi wa vi, ambacho mishale yake ilichorwa juu ya herufi hizo.

Wala tabia hii ya kusimulia haikuanza na kizazi chetu. Mwaka huohuo wa 1983, mwanaastronomia Ed Nather aliandika kwenye Usenet, mtandao wa mijadala wa kabla ya wavuti, kisa cha mwanaprogramu aliyeitwa Mel, ambaye miaka mingi nyuma alipanga kila amri kwenye kumbukumbu ya ngoma (silinda ya sumaku) inayozunguka, ili amri inayofuata iwe ndiyo kwanza inafika chini ya kichwa cha kusomea. Nather alikuta katika msimbo wa Mel kitanzi, yaani amri zinazojirudia, kisicho na sharti la kukisimamisha, kisha akaeleza hatua kwa hatua jinsi kilivyosimama kwa kufurika kwa anwani, yaani namba ya mahali kwenye kumbukumbu ilipozidi kikomo chake. Kisa hicho kingali kinasomwa, na kwa maoni yangu kimedumu kwa sababu msomaji anakimaliza akiwa ameuelewa utendaji wa ngoma yenyewe, wala hakuachwa akimstaajabia Mel tu.

Sasa nije kwenye wasiwasi wako wa pili. Wapo wanaosema kwamba wao walikuwa wanaprogramu wa kweli na ninyi mnanakili tu majibu ya wengine, na maneno hayo siyaungi mkono, hata yanaposemwa kwa kicheko. Nilifanya kazi kabla ya Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wanaprogramu, kuanzishwa mwaka 2008, na ninajua jinsi mtu alivyoweza kukwama siku nzima kwa jambo ambalo mwingine alikuwa amekwisha kulitatua. Niliandika kurasa za Internet Explorer 6, kivinjari kilichotoka mwaka 2001 na kukaa hadi 2006 bila toleo jipya kukirithi, na hakuna hata saa moja ya kazi ile ninayotamani irudi. Vivyo hivyo sikumbuki kwa upendo zama za kunakili folda nzima na kuipa jina la tarehe kwa kukosa Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Mkongwe mwaminifu husimulia na maumivu pia. Hata hivyo, kabla hujachukia, zingatia kwamba maandishi huficha sauti ya msemaji, ndiyo maana Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza alama ya :-) tarehe 19 Septemba 1982, baada ya wenzake kuuchukua mzaha wa maandishi kuwa habari ya kweli.

Nawe usijione mgeni asiye na cha kusimulia. Huenda ulikuwepo Machi 2016 wakati maktaba ya mistari 11 iitwayo left-pad ilipoondolewa kwenye npm, hifadhi ya maktaba za JavaScript, na miradi mingi ikashindwa kujengwa, au uliwahi kufanya kazi na Flash, teknolojia ya michoro hai na michezo kwenye wavuti, kabla Adobe haijaacha kuitunza mwishoni mwa 2020, au ulikipenda kihariri cha Atom hadi kilipofungwa Desemba 2022. Simulia hayo pamoja na sababu zake, kwa maana wakongwe wengi waliyasikia kwa mbali tu.

Na watakapoanza tena habari za disketi, waulize walifanyaje faili lilipozidi megabaiti 1.44. Watakwambia walilikata vipande kwa programu kama ARJ na kulibeba kwenye disketi kadhaa. Hapo usiwaache, waulize walijuaje kwamba kipande cha mwisho kilifika kizima, nao itabidi wakueleze CRC, hesabu inayogundua kama data imeharibika njiani, ambayo mpaka leo inakagua kila fremu (pakiti ya data) ya mtandao wa waya wa Ethernet inayoingia kwenye kompyuta yako.